Wingi wa Mashahidi

Watu wengi hudhani ya kuwa ushahidi wa uongo ni dhambi ya msemaji peke yake. Walakini hata mwenye kuusadiki upesi, kwa kuwa wampendeza, ana fungu lake katika dhambi hiyo.

Usiku mmoja wa Novemba 1976, katika mji wa Dallas, Marekani, askari polisi Robert Wood alisimamisha motokaa iliyokwenda bila taa. Akapigwa risasi, akafa. Motokaa ile iliibwa na David Harris, kijana wa miaka 16, naye alijisifu kwa rafiki zake ya kuwa ndiye aliyemwua askari. Lakini alipokamatwa aligeuza maneno, akamtaja Randall Adams, mgeni kutoka Ohio, ambaye siku ile alimkuta njiani akampakia. Kwa sheria ya Texas Harris alikuwa mdogo mno kuhukumiwa kufa. Adams alikuwa mtu mzima. Wapita njia wakaapa kwamba wamemtambua Adams, na daktari wa akili akaapa kwamba mtu huyu akiachwa atadhuru tena. Mwaka 1977 akahukumiwa kufa. Mwaka 1979, zikisalia siku tatu tu, kuuawa kwake kukazuiwa. Mwaka uliofuata hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Baadaye mtengeneza sinema Errol Morris alifika Texas kumchunguza yule daktari. Aliposikia habari za Adams, akawahoji mashahidi mmoja mmoja kwa saburi. Katika sinema yake ya mwaka 1988, The Thin Blue Line, maneno yao yapingana, na mwishoni yasikika sauti ya Harris ikikiri kwamba Adams hana hatia. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Texas ikaitangua hukumu, maana upande wa mashtaka ulificha habari na kutumia ushahidi wa uongo. Adams akatoka baada ya miaka 12.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Kwa Adams ilikuwa ndefu. Tena, mwaka 1985, Harris alimwua mtu mwingine. Basi, kumfunga asiye na hatia ni kumfungulia mwenye hatia mlango.

Labda msomaji atasema, “Waamuzi wangefanyaje, nao mashahidi walikuwa wengi?” Nabothi naye alishuhudiwa na wawili, kama torati ilivyotaka, akapigwa mawe bure. Wingi wa vinywa hauufanyi uongo kuwa kweli.

Nasi tukifiwa au kuibiwa, moyo wataka mtu wa kulipa, na mkono humwendea wa kwanza kutajwa, hasa akiwa mgeni. Hapo yatupasa kila mmoja, kabla ya kusema “Ndiye” mbele ya wazee wa baraza, ajiulize nafsini mwake: Je, nimeona, au natamani iwe hivyo?