Fedha Iliyomlisha Mtoto

Kwa funzo la juma hili soma: 1 Samweli 15:13–23, Mathayo 27:3–8, Luka 19:1–10, 2 Wakorintho 8:12–15, Waefeso 4:28.

Liko swali ambalo washiriki wengi wanalijua mioyoni, lakini ni nadra kulisikia likiulizwa katika darasa la Shule ya Sabato. Je, sadaka njema huitakasa kazi iliyoileta?

Chukulia mfano wa binti mmoja, mshiriki mwaminifu, aliyemaliza chuo kikuu jijini Nairobi akakaa miaka miwili bila ajira. Anacho chumba cha kupanga na kompyuta ndogo. Ametafuta vibarua mtandaoni: kutafsiri, kuandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa, kutunza hesabu za maduka yaliyo nchi za mbali. Kila anapoomba anakuta waombaji wengi waliomtangulia, wenye sifa kutoka kwa wateja wa zamani, naye hana hata moja. Hapewi kazi kwa sababu hana sifa, na hana sifa kwa sababu hapewi kazi. Ndipo rafiki anapomwonyesha kibarua kisichokauka, yaani kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Mwanafunzi analipa dola, binti anakesha akisoma na kuandika, mwanafunzi anaweka jina lake juu ya karatasi na kumpelekea mwalimu. Nairobi kazi hii si siri. Wengi wamelipia kodi ya nyumba na karo za wadogo zao kwa fedha hiyo.

Binti huyu kwao ni Kilifi. Mama yake ni shemasi, na mara tatu kwa juma, pamoja na kina mama wenzake, huwapikia watoto wadogo arobaini wa kijiji chini ya mwembe ulio uwanjani mwa kanisa. Mayai, maharagwe na karanga hununuliwa kwa fedha ya binti, inayoingia kwa M-Pesa kila mwezi bila kukosa.

Haja yenyewe ni ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika kaunti ya Kilifi ilikuwa asilimia 37. Kudumaa si ufupi tu wa kimo. Mwili ulikosa cha kujengea wakati wa kujenga, na pamoja na mwili, akili nayo hupungukiwa. Wataalamu wa lishe husisitiza siku 1000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, kwa sababu kinachopotea hapo ni vigumu kukirudisha baadaye. (Na hapa wapishi wa kanisa wasikilize: uji mwembamba wa mahindi peke yake hushibisha tumbo bila kumlisha mtoto. Yai moja, kijiko cha karanga zilizosagwa au maharagwe yaliyopondwa hufanya zaidi kuliko kikombe cha pili cha uji.) Mhudumu wa afya ya jamii hupita na utepe wake wa rangi tatu, akauzungusha juu ya mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Tuseme chini ya mwembe ule yupo mtoto aliyeanza mwaka kwenye njano na sasa yuko kwenye kijani. Mayai yaliyompandisha yalinunuliwa kwa insha za watu wengine.

Mtu akimwuliza binti, anayo majibu, wala si majibu ya kijinga. Anafanya kazi ya kweli; macho yake yanaumia kwa kukesha. Wanafunzi wale wana fedha, na wangenunua kwa mwingine kama si kwake. Tena asile yeye anasa, analisha watoto.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito, na Biblia inaijua. Sauli aliamriwa asibakize kitu cha Waamaleki. Alibakiza kondoo na ng'ombe walionona, na Samweli alipouliza ile sauti ya mifugo ni ya nini, mfalme alijibu kwamba wamehifadhiwa ili wachinjwe kuwa dhabihu kwa Bwana (1 Samweli 15:14, 15). Huenda alisema kweli. Samweli hakumwambia kwamba dhabihu ni mbaya. Alimwambia kwamba Mungu hakuomba dhabihu ije badala ya kusikilizwa. Hatari ya sadaka ya namna hii ni kwamba humnyamazisha mtoaji mwenyewe. Kila dhamiri yake inapotaka kusema, anawaonyesha watoto, nayo inanyamaza.

Lakini nani ameibiwa? Mteja amepata alichonunua. Swali hili linahitaji subira, kwa sababu aliyeibiwa hayumo katika mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi. Yupo mwanafunzi maskini huko huko ng'ambo aliyeandika insha yake mwenyewe, akapata alama za chini kuliko yule aliyenunua. Yupo mwalimu aliyeshuhudiwa uongo, maana karatasi ile ni ushahidi kwamba mwenye jina hili anajua jambo hili (Kutoka 20:16). Kisha zipo kozi ambazo ujinga wake huua. Katika insha zinazonunuliwa zimo za uuguzi. Mtu asiyejifunza hesabu ya dozi atasimama siku moja kando ya kitanda, na katika kitanda hicho huenda amelazwa mtoto. Kwa hiyo binti asiseme kwamba mtoto yuko upande wake. Mtoto yuko pande zote mbili za fedha hiyo, ila mmoja anaonekana na mwingine haonekani.

Sheria nazo zimeanza kuliona. Australia mwaka 2020 na England mwaka 2022 zilipiga marufuku biashara ya kuwaandikia wanafunzi kazi zao, na zote mbili zinamlenga anayeuza. Jambo jingine limetokea: tangu mwishoni mwa 2022 zipo programu za kompyuta zinazoandika insha kwa dakika chache, na vibarua hivyo vimepungua. Wapo walioacha kwa sababu hiyo. Aliyeacha kwa kuwa wateja wamekwisha hajatubu, amefutwa kazi.

Waefeso 4:28 hupanga mambo kwa utaratibu ambao ni rahisi kuupita haraka. Mtume anamwambia aliyezoea kuiba aache, kisha afanye kazi iliyo njema kwa mikono yake, na hapo ndipo apate cha kumgawia mhitaji. Kutoa kumewekwa mwisho. Paulo hasemi kwamba kazi huwa njema kwa sababu fungu lake linamfikia mhitaji. Anataka wema uwe katika kazi yenyewe kabla shilingi ya kwanza haijatolewa.

Mpaka hapa ni rahisi kumhukumu binti na kufunga kitabu. Kanisa nalo lina sehemu yake.

Wakuu wa makuhani waliporudishiwa vile vipande 30 vya fedha, walisema si halali kuvitia katika sanduku la sadaka, kwa kuwa ni thamani ya damu (Mathayo 27:6). Walikumbuka kanuni, kama ile ya Kumbukumbu la Torati 23:18, inayokataa mapato machafu nyumbani mwa Mungu. Walilihurumia sanduku. Yule aliyeuzwa kwa fedha hiyo, na yule aliyekuwa anakwenda kujinyonga, hawakuwahurumia. Kanisa linaweza kurudia kosa hilo kwa usafi mkubwa: kuirudisha bahasha ya binti, kuandika katika kumbukumbu za baraza kwamba imekataliwa, na kuwaacha watoto arobaini na vikombe vitupu.

Tena haki idai usawa. Hakuna mhazini anayeweza kumhoji kila mshiriki kuhusu kila noti. Lakini si haki kumtilia shaka kijana wa kompyuta kwa kuwa kazi yake ni ngeni, huku mfanyabiashara mwenye mizani pungufu na karani anayepokea kitu kidogo wanakaa viti vya mbele miaka ishirini bila swali. Wazee wengi hawajui vijana wao wanafanya nini mtandaoni. Wengine hawakuuliza kwa heshima. Wengine hawakuuliza kwa sababu sadaka ilikuwa nzuri. Lipo hata jambo dogo ambalo lingefungua mazungumzo: Ijumaa jua linapozama Kilifi, New York bado ni asubuhi, na mteja anataka kazi yake kabla ya jioni ya kwao. Mzee anayemwuliza kijana anaipitaje saa hiyo atasikia na mengine.

Na tazama kilichotokea kijijini katika miaka yote ambayo fedha ya binti ilikuwa ikiingia. Watoto ni arobaini, yai moja kwa kila mtoto, mara tatu kwa juma: mayai 120, trei nne. Kama kanisa lina kaya arobaini, ni mayai matatu kwa kila kaya. Kwa kaya zenye kuku hilo linawezekana. Kwa zisizo na kuku, Paulo anakumbusha kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho (2 Wakorintho 8:12). Kaya hizo hazikuombwa. Hazikuombwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa analipa, na namna alivyolipa iliwaruhusu wengine wote kula mayai yao kwa amani. Doa la binti lilikuwa raha ya kanisa zima.

Binti akiacha leo, atarudi kwenye vibarua vidogo vyenye malipo madogo, ajenge sifa yake upya. Huenda ikachukua miezi sita au zaidi. Kwa mtu mzima huo ni muda wa kubana matumizi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni nusu ya maisha aliyoishi, ndani ya zile siku 1000. Kwa hiyo kumwambia binti atubu na kumwambia mtoto asubiri haviwezi kwenda pamoja. Anayesema la kwanza amechukua mzigo wa la pili.

Zakayo naye hakuchanganya mambo mawili. Nusu ya mali yake aliwapa maskini. Na aliyemdhulumu alimrudishia mara nne (Luka 19:8). Kuwapa maskini hakukuhesabiwa kuwa malipo ya waliodhulumiwa. Binti hawezi kuwatafuta waliodhulumiwa na insha zake. Hajui majina yao. Mayai yaliyokwisha kuliwa hayarudi, wala hakuna anayetamani yarudi.

Darasa lijadili: binti huyu akija kuwaeleza jambo hili Ijumaa alasiri, nanyi mkajua kwamba Jumapili asubuhi watoto watafika chini ya mwembe na vikombe vyao, nani kati yenu ataleta trei ya kwanza, na nani atakaa na binti kumtafutia kazi?