Kiwanja cha Watoto ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, katika jambo la michezo ya vijana wako kati yetu watu wa namna mbili, na wote wamekosea. Wa kwanza husema kuwa mpira ni upuuzi mtupu, na kijana aendaye kiwanjani amekwisha potea. Wa pili husema kuwa mchezo ni mchezo tu, dini haina neno hapo. Huyo amekaza pasipokazwa, na huyu amelegeza pasipolegezwa.

Natumrejee Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alishindanisha farasi. Waliozoezwa aliwapa masafa marefu, na wasiozoezwa aliwapa masafa mafupi, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini mwake, naye akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) mpaka alipokinai kuwatazama. Basi ni nani sisi hata tuharamishe alichokiridhia yeye?

Lakini iko hadithi nyingine katika Bukhari ambayo twaipenda khasa kwa wasimamizi wa timu zetu. Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema kuwa yeye yu pamoja na kundi moja. Wale wa pili wakazuia mikono yao. Alipowauliza sababu, walijibu kuwa hawawezi kutupa hali yeye yuko upande wa pili. Hapo akawaamrisha watupe, kwani yeye yu pamoja nao wote. Tazameni hekima hiyo! Mwenye kusimamia vijana akijulikana kuwa ni wa mtaa mmoja, vijana wa mtaa wa pili huvunjika moyo, na mchezo hugeuka kuwa uadui.

Wazee wetu wanaoukumbuka mwaka 1965, timu ya Feisal ya Mombasa ilipochukua ubingwa wa ligi ya Kenya, wajua kwamba vijana wa pwani hawakunyimwa vipawa. Kilichopunguka ni viwanja na uaminifu.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe. Twakijua kiwanja kimoja tulichokichezea utotoni, miguu mitupu, mpaka adhana ya Magharibi. Leo kimezungushwa ukuta, na ndani yake mna maduka. Aliyekiuza hakutoka mbali. Alikuwa akisali safu moja nasi. Nasi tulijua, tukanyamaza, wengine kwa kumwogopa, na wengine kwa kumstahi. Watoto waliofukuzwa pale hawakwenda kusoma. Wengine wao walikaa vibarazani, na unga ukawakuta hapo hapo. Je, Siku ya Kiyama tutasema hatukuona? Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi, japo kiasi cha shibiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba. Na Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha namna ardhi za umma katika Kenya zilivyogawanywa kinyume cha sheria, kana kwamba ni mali ya urithi.

Basi twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mtaa ukijue kiwanja chake na hati yake. Katiba ya mwaka 2010 imeyatia mambo ya michezo na mahali pa mapumziko katika kazi za serikali za kaunti. Twendeni tukaulize kwa adabu, na kwa maandishi, kabla ukuta haujajengwa. Kwani ukisha kujengwa, kesi huwa ndefu kuliko umri wa watoto.

Pili, fedha za michango na za viingilio ziandikwe katika daftari, na hesabu isomwe mbele ya watu. Kijana anayemwona mkubwa wake akila fedha za jezi hafundishiki uaminifu kwa mawaidha.

Tatu, saa zipangwe. Kati ya Alasiri na Magharibi hapa kwetu pana nafasi ya kiasi cha saa mbili na nusu, na mpira ni dakika 90 pamoja na mapumziko ya dakika 15. Wakati watosha kabisa. Mchezo ukiipita sala, kosa si la mpira, ni la aliyepanga.

Nne, wasisahauliwe mabinti zetu. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha. Nao watengewe siku zao na mahali pao pa stara, wafanye mazoezi kwa heshima yao. Afya haikuumbwa kwa wanaume peke yao.

Ndugu zetu, anayeshika ufunguo wa kiwanja, na firimbi, na mfuko wa timu, ameshika amana kama ashikaye wakfu wa msikiti. Na sisi tulio pembeni tumeshika amana ya kumwuliza. Tusinyamaze mara ya pili.

Ewe Mola wetu, watengeneze vijana wetu, na ututengeneze sisi kabla yao. Amin. Wabillahi Taufiki.