Shamba ni Amana ya Mungu

Kando ya mto Lualaba, pale Nzilo, kuna ziwa ambalo zamani halikuwako. Mwaka 1952 ulimalizika ukuta mkubwa wa kuuzuia mto, ili maji yaendeshe mitambo ya umeme kwa ajili ya migodi ya shaba. Wakati wa mvua, mahali ambapo miti imekwisha, maji yashukayo vilimani huwa mekundu. Wekundu huo ni udongo. Ni mashamba ya watu yanayokwenda zao, wala hayatarudi.

Je, mashamba hayo ni ya nani? Mmoja atajibu kwamba ni yake, mwingine kwamba ni ya ukoo, mwingine kwamba ni ya chifu. Kila jibu lina haki yake, lakini liko jibu lililo juu ya hayo yote: nchi ni ya Mungu aliyeiumba. Kitabu cha Mwanzo chafundisha kwamba mtu wa kwanza alipewa bustani kwa kazi mbili, si moja: ailime, na tena ailinde. Alimaye bila kulinda ametimiza nusu tu ya agizo. Na katika sheria ya Musa Mungu aliamuru shamba lipumzike mwaka wa saba, kama mtu apumzikavyo siku ya saba.

Wazee wa nchi hii hawakuwa wamesoma Maandiko, lakini desturi yao ilikaribia amri hiyo. Walikata matawi, wakayachoma, wakapanda katika majivu. Baada ya mavuno machache waliliacha shamba, msitu ukaota tena miaka mingi, na udongo ukapata nguvu mpya. Siku hizi mambo yamegeuka. Kolwezi imekuwa mji mkubwa, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Mji wataka makala ya kupikia, na makala hutoka msituni. Migodi nayo yatwaa nchi. Kwa hiyo mkulima hurudia shamba lile lile kabla halijapona, nalo humpa kidogo zaidi kila mwaka.

Hapo ndipo kishawishi kiingiapo. Na afikiriwe baba mmoja mwenye watoto watano, ambaye mahindi yake yametoka mafupi na ya manjano. Jirani yake amwambia, «Ndugu, kata miti yote iliyobaki, uuze makala. Mwakani utakwenda kuchimba mawe.» Baba huyo si mtu mbaya, ana karo ya shule ya kulipa. Lakini miti ikiisha na udongo ukiisha, watoto wake watalima nini?

Amri ya saba yakataza kuiba. Watu hudhani kwamba mwizi ni yule tu avunjaye ghala ya mwenziwe usiku. Hata hivyo, amalizaye nguvu yote ya udongo amechukua chakula cha wajukuu wake, nao hawawezi kupiga kelele, kwa kuwa hawajazaliwa bado. Ndiyo sababu Katekismu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, huweka heshima kwa viumbe chini ya amri hiyo ya saba. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirudia fundisho hilo katika barua yake Laudato Si’. Wala amri haiwahusu maskini peke yao. Mwenye mashine kubwa aharibuye mto atadaiwa zaidi kuliko mwenye jembe, maana aliyepewa vingi atatakiwa vingi.

Basi mkulima Mkristu afanye nini? Asipande mahindi mwaka baada ya mwaka mahali pamoja, bali ayafuatishe kwa karanga, maharagwe au kunde. Mizizi ya mimea hiyo ina vinundu vidogo, na vijidudu vilivyomo hushika naitrojeni ya hewani, ambayo hurutubisha udongo. Asichome mabua, bali ayalaze shambani yafunike udongo. Mbolea ya mbuzi na ya kuku isitupwe. Penye mteremko, matuta yakingame, yasishuke pamoja na maji. Miti ya kandokando ya mto iachwe. Akatapo mti, aache kisiki hai, kwa maana miti mingi ya msitu huu huchipuka tena. Ajihadhari hasa na moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, kwa kuwa huo huua machipukizi kuliko moto wa mwanzo.

Mtakatifu Isidori, msimamizi wa wakulima, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622, alikuwa kibarua karibu na Madrid katika Hispania. Alilima maisha yake yote shamba ambalo si lake, na kwa uaminifu huo akapata mbingu. Kila mkulima yu katika hali hiyo: alima shamba la Bwana mwingine, naye atatoa hesabu.

Bwana Yezu alipowashibisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, visipotee. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuongeza mikate kama apendavyo hakukubali makombo yaharibike. Je, mtu asiyeweza kuumba hata konzi moja ya udongo, atauacha uchukuliwe na maji?

Mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo na ajiulize jioni: Shamba nililokabidhiwa, nimelilinda? Kipo kisiki nilichokiacha kichipuke? Watakaolima baada yangu watanishukuru, au watanung’unika? Kisha asali, akimwomba Mungu Baba mvua kwa wakati wake, na moyo wa mtumishi mwaminifu. Kesho yake achukue jembe, aanze na tuta moja.