Amana Iliyoliwa na Kutu

Mtu aliyewekewa amana akaifungia, asiiguse, asiiuze wala asiikopeshe, kisha akairudisha imeharibika, je, amekhini au hakukhini? Suala hili lilizuka barazani Ujiji, baada ya sala ya alasiri, na lililolizusha si dhahabu wala shamba la michikichi, bali ni treni ya mtoto ya kuchezea.

Asili yake ni hivi. Mtu mmoja wa hapo, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Kigoma, aliletewa na nduguye wa Maskati treni ndogo ya umeme pamoja na vipande ishirini na vinne vya reli zake. Akampa mwanawe wa miaka minane. Haukupita mwaka yule baba akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mali ya yatima ikakabidhiwa ami yake, treni ikiwa ndani yake. Mama alisema isiguswe mpaka mtoto awe mkubwa. Ami, naye ni mtu wa msikiti, alizitia reli katika gunia, gunia akalitia katika sanduku, sanduku akalipiga kufuli. Watoto wake mwenyewe walilia waichezee, akawafukuza. Miaka kumi hakulifungua. Siku alipomwita kijana ampe chake, gunia lilikuwa limeshikana na chuma, na vipande vya reli vimekuwa vyekundu kama udongo.

"Wallahi, mwanangu, sikuigusa," alisema Ami.

"Najua, Ami," kijana akajibu, na zaidi ya hapo hakusema neno.

Wengi barazani walimwondolea Ami lawama. Walisema, kwani kaiba? Kaila? Na mali ya yatima, kama ajuavyo kila aliyesoma Suratun-Nisaa, ni moto kwa mwenye kuila kwa dhulma, na Ami aliuogopa moto huo. Hofu yake ilikuwa ya kweli, nami siidharau. Wangapi tunaowajua ambao sanduku kama lile wangelifungua kabla arubaini ya marehemu haijesha?

Lakini kutu haingoji mwizi. Chuma kikikutana na hewa na unyevu, basi, kazi imeanza. Wewe msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja umezoea kuitupia lawama chumvi ya bahari. Ziwa Tanganyika maji yake ni matamu, hayana chumvi hiyo, na kutu iko vile vile. Mvua za Kigoma huanza mnamo Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na gunia hunywa unyevu ule likaukumbatisha chuma usiku na mchana. Reli za mtoto mara nyingi ni chuma chembamba kilichopakwa bati. Palipokwaruzika kidogo tu, kutu huingia na kutambaa chini kwa chini. Tena treni ya namna hii hupokea umeme kutoka kwenye reli kwa magurudumu yake, na kutu haipitishi umeme. Reli itaonekana nzima, na injini isiende.

Mwalimu mmoja wa chuo aliyekuwapo alinyamaza muda mrefu, kisha akataja Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho pwani yetu imekisoma vizazi kwa vizazi. Katika mlango wa amana, mwanachuoni huyo aliyefariki mwaka 1277 anamwajibisha mwenye kuwekewa nguo za sufu azianike upepo zisiliwe na wadudu, na hata azivae ikiwa hazitasalimika ila kwa kuvaliwa. Tafakari hapo. Kuvaa nguo ya amana kwa asili ni kupita mpaka. Na hapa kuacha kuivaa ndiko kupita mpaka. Kumbe kuhifadhi ni kazi, na kufuli ni sehemu moja tu ya kazi hiyo.

Wala si katika nguo peke yake. Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliwaamrisha watu waifanyie biashara mali ya mayatima isije ikaliwa na zaka. Mali iliyofukiwa chini nayo hupungua, ijapokuwa hapana mkono uliyoigusa.

Na watu wa Kigoma, zaidi ya watu wengine, wanao ushahidi wa jambo hili mbele ya macho yao. Ile meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915, jina lake siku hizo Goetzen. Julai 1916, Wajerumani waliposhindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake girisi nzito. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena bandarini Kigoma, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Mitambo ilikutwa mizima, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mitambo hiyo ya mvuke ilisukuma meli mpaka ilipotiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Basi, iliyokaa miaka chini ya maji ilisalimika, na iliyokaa sandukuni chini ya paa iliharibika! Waliozamisha meli walijua wanaiacha katika adui gani, wakamkinga naye. Ami alimkinga yatima na wezi, na adui aliyekuwamo mle ndani ya gunia hakumfikiria, ingawa panga na jembe lake mwenyewe hupaka mafuta kila mwaka mvua zikikaribia. Hapo ndipo nilipoungana na mwalimu. Asiyejua ana udhuru. Na Ami alijua chuma ni nini.

Palibaki neno la mama, kuwa isiguswe. Mtu akikataza mali yake mwenyewe isishughulikiwe, hasara ni yake. Lakini treni haikuwa ya mama, ilikuwa ya mtoto, na hakuna wa kuridhia hasara kwa niaba ya yatima. Nadhani hata mama alikusudia isichezewe ovyo, wala hakukusudia isahauliwe.

Nami naongeza jambo ambalo barazani halikusemwa. Tumeshughulika na chuma, na mwenye chuma tukamsahau. Yule mtoto alikuwa na miaka minane, kisha tisa, kisha kumi, na treni ya baba yake iko chumba cha pili. Lau angetolewa nayo kila Ijumaa baada ya sala, akacheza mbele ya ami yake, reli zingepata kufutwa na magurudumu yangezing'arisha. Nenda stesheni ya Kigoma ukatazame: reli zinapigwa na mvua ile ile, lakini zinazopitiwa na treni uso wake wa juu unameta, na zilizo pembeni, zisizopitiwa, ni nyekundu juu mpaka chini. Reli ya mtoto yaweza kusafishwa. Umri wa miaka minane hausafishwi wala haurudishwi, na sijui katika mlango gani wa fiqhi hulipwa.

Ami alipoelezwa hakukasirika. Alisema, "Nilikuwa naogopa mkono wangu tu." Alitaka kulipa thamani ya vyote, na kijana akakataa, akaomba wazisafishe pamoja. Walizilowesha kwa maji ya ndimu saa chache, wakasugua kwa kitambaa, wakasuuza na kuzianika juani pale pale. Waya wa kusugulia masufuria waliuepuka, kwa kuwa vinyuzi vyake huvutwa na sumaku ya injini, na mikwaruzo yake hufungulia kutu mlango mpya. Mafuta ya cherehani wakapaka ubavuni, kidogo sana. Juu yakizidi hushika vumbi na magurudumu huteleza.

Vipande kumi na saba vilipona. Saba vilikuwa vimetoboka, na hivyo Ami alivilipa kwa fedha taslimu, mbele ya mashahidi wawili. Vilivyobaki havikutosha kufanya duara kama zamani, ikawa treni inakwenda mpaka mwisho wa mkeka, kijana anaigeuza, inarudi kwa Ami.