Kiungulia Msikizoee

Wanangu wa Baraka na Fizi, ninyi mnaorudi alfajiri kutoka ziwani na ndagala, na ninyi mlioko Misisi mkichimba dhahabu, nisikilizeni. Kiungulia kinachorudi kila juma, mwaka hadi mwaka, si cha kuzoea. Nawasikia mkisema "ni gastriti tu", mnanunua vidonge sokoni, moto unatulia, mnasahau.

Pale umio unapoingia tumboni pana mlango unaojifunga chakula kikishapita. Ukilegea, asidi hupanda na kuunguza umio, ambao haukuumbwa kuistahimili. Ikiunguza miaka mingi, ngozi ya ndani huweza kubadilika, na kwa watu wachache badiliko hilo huzaa kansa. Uchunguzi wa Uswidi uliotolewa 1999 ulionyesha kwamba wanaosumbuliwa na kiungulia mara kwa mara wana hatari ya kansa hiyo karibu mara 8 kuliko wasio nacho. Siwatishi: wengi wenye kiungulia hawataipata kamwe.

Ila upande wetu huu wa Afrika iko kansa nyingine ya umio, nayo ndiyo inayoua wengi zaidi. Imetanda kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Tanzania, ng'ambo ya ziwa letu, imo. Hiyo haingoji kiungulia. Hufuata pombe na tumbaku, na mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitahadharisha pia juu ya vinywaji vya moto kupita digrii 65. Ndiyo maana lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, inaniogopesha kuliko pilipili. Lutuku na sigara huulegeza mlango ule wa tumbo, na papo hapo huiita kansa hii ya pili. Vikishikana pamoja, hatari huzidi sana.

Chakula kikianza kukwama, kwanza bugali, halafu hata uji, jueni njia imekwisha kubanwa na ugonjwa umekwenda mbali. Msipoteze miezi mkidhani amerogwa au kutafuta nani alimlisha mgonjwa sumu.

Anayekula usiku asilale papo hapo. Akae kwanza masaa 2 au 3. Lutuku na sigara viacheni. Na baba zenu, wajomba zenu, ambao kifua kimewaungua miaka mingi, wapelekeni hospitali wapimwe umio kwa kamera inayopitishwa mdomoni, hata ikibidi kuchangishana nauli ya kwenda mbali. Mwenye kukwamiwa na chakula asingoje juma lingine.