Faini: Onyo au Mavuno?

Kila mji ulio na watu wengi hauna budi kuwa na amri zake. Mtu asitupe taka njiani, asijenge akaziba kichochoro, wala asiache maji machafu yatiririke mbele ya mlango wa jirani. Mwenye kuzivunja amri hizi hudhulumu, kwa kuwa njia ni haki ya wote. Basi hatuna ugomvi na faini yenyewe. Twauliza jambo moja tu: mtu akitozwa faini asiilipe, mji umtendeje? Asiyeweza kulipa na asiyetaka kulipa, je, ni watu wa hukumu moja?

Na tuutazame mji wa Ferguson, katika jimbo la Missouri, Marekani, uliokuwa na watu wapatao 21,000. Mwezi wa Agosti 2014 polisi mmoja wa mji huo alimwua kwa risasi kijana mweusi, Michael Brown, ghadhabu za watu zikawaka, na Wizara ya Sheria ya Marekani ikauchunguza mji. Ripoti yake ilitoka Machi 2015. Ilionekana kwamba wakuu wa mji walikuwa wakiwahimiza polisi na mahakama waongeze mapato ya faini. Katika makisio ya mwaka wa fedha wa 2015, mji ulitarajia kupata dola milioni 3.09 za faini na ada, katika jumla ya milioni 13.26. Mtu akiacha majani yarefuke uani mwake alitozwa dola 77 hata 102, hali mji mwingine wa upande huo uliweza kutoza dola 5 tu. Na katika mwaka 2013 pekee, mahakama ya mji ilitoa hati zaidi ya 9,000 za kukamata watu, nyingi zikitokana na makosa madogo ya magari na ya amri za nyumba.

Ripoti hiyo yaeleza habari ya mwanamke mmoja aliyeegesha gari pasipofaa mwaka 2007. Alitozwa dola 151, pamoja na ada. Alikuwa fukara, mara nyingine hana hata makao. Kila alipokosa kufika mahakamani au kulipa, aliongezewa shitaka, na shitaka likazaa faini mpya. Alikamatwa mara mbili, akalala gerezani siku 6. Alipopeleka dola 25, na mara nyingine dola 50, mahakama ilimrudishia, ikitaka zote kwa pamoja. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amekwisha kulipa dola 550, na bado alidaiwa 541.

Ewe msomaji, pima mwenyewe. Ikiwa muradi wa faini ni kumwonya mtu asirudie kosa, mama huyu alikwisha kuonyeka zamani. Kilichobaki ni kukamuliwa.

Wanavyuoni wa fiqhi walizitenga hali hizi mbili katika mlango wa madeni. Mwenye mali akikawiza kwa inadi, kadhi aweza kumfunga au kuiuza mali yake. Ama mwenye dhiki, ikithibiti dhiki yake, hupewa muhula wala hafungwi. Faini si mkopo, lakini hoja ni ile ile: gereza laweza kuitoa fedha iliyofichwa, haliwezi kuiumba fedha isiyokuwapo. Mahakama Kuu ya Marekani nayo iliamua mwaka 1983, katika kesi iliyotoka jimbo la Georgia, kwamba mtu aliyeshindwa kulipa faini asipelekwe gerezani kabla ya kuulizwa kwa nini hakulipa. Hukumu hiyo ilikuwapo miaka yote Ferguson ilipokuwa ikitenda hayo.

Atasema mtu: mkiwaachilia maskini, mji utajaa uchafu. Hatukusema waachiliwe. Aliyetupa taka na azizoe. Asiyeweza kulipa mara moja na alipe kidogo kidogo, au afanye kazi ya mji kwa siku zilizo kadiri ya kosa lake. Na mwenye majumba ya kupangisha, anayeona faini ni rahisi kuliko kutengeneza choo, huyo ndiye wa kushikwa kwa mali yake. Kwetu Kenya, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 28, yaweka vifungo kwa faini zisizolipwa: isiyozidi shilingi 500 ni hadi siku 14, na izidiyo 50,000 ni hadi miezi 12. Lakini tangu mwaka 1998 ipo pia sheria ya kumtumikisha mkosaji kwa manufaa ya umma badala ya kumfunga. Mlango upo, wapaswa kufunguliwa.

Na lililo zito zaidi ni hili: anayekula kwa faini asiachiwe kuwa ndiye mwenye kuhukumu. Mji uliokwisha kuzihesabu faini katika posho yake haupendi tena kosa likome, kwani likikoma, hazina itapungua. Hapo mlinzi wa njia amegeuka mwenye shamba, na makosa ya watu ndiyo mazao yake.

Kwa hiyo, wenzetu, tusafishe milango yetu kabla ya kuamriwa, kwani hiyo ni haki ya jirani. Kisha, makisio ya fedha za mji yanaposomwa mbele ya watu, tuulize faini zimetiwa kiasi gani, na ni nani watakaozilipa.