Gari Kuukuu Uani: Je, Ni la Nani?

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo mwanzoni laweza kuonekana si la ndoa. Tuzungumze juu ya gari bovu.

Wengi wenu mmeliona. Limesimama nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, limeinuliwa juu ya magogo manne na magurudumu yake yamevuliwa. Ni Land Rover ya zamani. Kuku hutaga kwenye kiti cha dereva. Siku moja bwana anasema wakati wa chai, "Hili gari nitalitengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani." Bibi anamtazama, anamwongezea chai, ananyamaza. Kunyamaza kule ndiko ninakotaka tukuangalie, maana bwana hukuhesabu kuwa ni kukubali, na mara nyingi siko.

Swali letu ni hili: je, ni haki mtu aliyeoa kuchukua fedha na saa za nyumba yake na kuzitia katika chuma kikuukuu alichokipenda? Msiharakishe kujibu. Mabwana mtasema, "Kuna ubaya gani? Siendi baa, niko nyumbani." Mabibi mtasema, "Yuko nyumbani, lakini chini ya gari." Wote wawili mna sehemu ya ukweli.

Kwanza tulitendee haki gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Aliyeibuni ni Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, ambaye alikuwa na shamba huko Anglesey, Wales, na alikuwa akilitumia shambani jeep la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Wakati ule chuma kilikuwa adimu Uingereza, kikitolewa kwa mgao, basi bodi ya gari ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chesisi ndiyo iliyobaki kuwa ya chuma. Gari lile lilikusudiwa mkulima, likaishia kuzunguka dunia. Hapa kwetu nani hakumbuki Land Rover ya D.O. ikiingia sokoni, au ya misheni ikivuka mto uliofurika? Baadaye ziliunganishwa hata hapa kwetu Thika. Ukoo ule wa zamani ulikoma kutengenezwa kiwandani Solihull mwezi wa Januari 2016.

Basi anayelipenda gari hili si mjinga. Lilitengenezwa ili liweze kutengenezeka. Mtu mwenye spana za kutosha, jeki nzuri na subira aweza kulifungua msumari kwa msumari na kulirudisha. Katika siku hizi ambapo kila kilichoharibika hutupwa, ni jambo jema watoto wamwone baba yao akishika kilichovunjika na kusema, "Hiki bado kina kazi." Hilo ni somo ambalo halipatikani darasani.

Lakini wema huo una masharti, na sharti la kwanza ni ukweli.

Land Rover ya zamani hudanganya macho. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, basi ukilitazama kwa nje utasema, "Linataka rangi tu." Kumbe chesisi ni mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia humo, nayo huoza kuanzia ndani kuja nje. Fundi mzoefu hatazami rangi; hulala chini na nyundo ndogo akigonga. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa, na pengine nyundo hupenya. Kisha kuna ukuta wa chuma kati ya injini na viti, ambao huoza pale dereva anapoweka miguu. Hata aluminiamu yenyewe, pale inapogusana na chuma penye unyevu, huliwa ikageuka unga mweupe. Gari lililosimama miaka mingi, pistoni za breki zimeganda, raba zimekauka, na tangi la petroli limejaa kutu.

Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake: chesisi kwanza, kisha breki na usukani, kisha injini na giaboksi, kisha nyaya za umeme, na rangi mwisho kabisa. Wengi wetu huanza na rangi, kwa sababu rangi huonekana na majirani husifu. Au huanza na injini, kwa sababu mngurumo wake hufurahisha moyo. Miezi sita baadaye injini inanguruma vizuri juu ya chesisi isiyoweza kubeba hata gunia la viazi.

Sasa bwana, nikuulize: ulipomwambia bibi kwamba "linataka rangi tu", ulikuwa umelala chini na kugonga? Kama hukugonga, ulimwahidi usichokijua. Kama uligonga, ukasikia ile sauti iliyokufa, ukamwambia vilevile, basi ulimdanganya, hata kama ulijidanganya wewe mwenyewe kwanza. Bei ya kununua gari kuukuu ndiyo ndogo kuliko zote. Zinazofuata ni safari za Grogan kutafuta spea, fundi wa kuchomelea, raba hii, beringi ile. Kila moja peke yake ni kidogo. Kidogo hicho hakiombewi ruhusa, na hapo ndipo karo ya muhula hupungua bila mtu yeyote kuamua kuipunguza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala usijitetee kwamba utaliuza kwa bei kubwa. Huenda likauzwa vizuri. Lakini mara nyingi mwenye kulitengeneza kwa mikono yake hajawahi kuhesabu Jumamosi zake. Kama unalitengeneza kwa sababu unalipenda, sema unalipenda. Upendo si aibu. Aibu ni kuuvika koti la biashara.

Hebu tuchukue nyumba moja, sitasema ya nani. Gari lilikuwa la marehemu baba yake bwana. Kila bibi aliposema neno, jibu lilikuwa moja: "Hili ni gari la baba." Maneno hayo yalifunga mlango. Nani atashindana na marehemu? Mwaka wa kwanza chesisi ilibadilishwa. Mwaka wa pili injini, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imepasuka. Milango ilitoka kwenye gari jingine. Jioni moja bibi akauliza kwa upole, "Baba watoto, chesisi si ile, injini si ile, milango si ile. La baba ni lipi?"

Bwana alikasirika. Akatoka, akaketi ndani ya gari gizani. Bibi alipomfuata alimkuta akilia. Hakuwa amelia siku ya mazishi. Alikuwa kifungua mimba, akishughulikia chakula cha wageni na gharama za jeneza. Miaka miwili alikuwa akimtafuta baba yake chini ya boneti, na mkewe alidhani anakimbia nyumba.

Msomaji, swali la yule mama si mzaha. Kitu kikibadilishwa sehemu moja baada ya nyingine, ni kile kile au ni kingine? Mbele ya serikali jibu liko kwenye logibuku, penye namba ya chesisi na ya injini. Mbele ya moyo jibu ni gumu zaidi. Mimi naona hivi: kinachofanya gari lile libaki la baba si chuma chake. Ni kwamba kuna watu wanaomkumbuka baba pamoja. Bwana akikumbuka peke yake, usiku, kwa siri, hata chesisi ya asili isingemrudishia kitu. Akimwambia mkewe, "Hapa ndipo aliponifundisha kuendesha, kijiti cha njano kwa magurudumu manne, chekundu kwa mwendo mzito," basi ukumbusho umepata mahali pa kukaa, hata gari likiuzwa kesho. Na yule mama angaliweza kuuliza mapema. Si "utamaliza lini?" bali "kwa nini hili?"

Nanyi mabibi, msilicheke gari mbele ya wageni. Mtu aliyedharauliwa kwa anachokipenda hakiachi; hukificha. Ukimwita mume wako "fundi wa takataka", umemfundisha kuficha risiti.

Kuna jambo ninalotaka kuwaonya mabwana, maana nimelisikia katika harusi nyingi: kwamba ndoa ni kama gari kuukuu, yataka subira na mafuta. Si hivyo hasa. Chuma hakijibu. Ukikosea leo, kitakungoja hadi Jumamosi ijayo bila kununa. Ndiyo sababu ni raha kukaa nacho. Subira unayojifunza kwa msumari ulioganda ni subira ya kweli, lakini haijapimwa na mtu anayekwambia, "Umeniumiza." Anayeweza kushinda saa nane na kabureta na hawezi kukaa robo saa kusikiliza malalamiko ya mkewe, huyo hajawa mvumilivu. Amepata tu mahali pasipomdai.

Basi nirudi kwenye swali letu. Je, ni haki? Nasema ni haki, iwapo gari hilo ni la nyumba, hata kama mikono ni ya mmoja. Na litakuwa la nyumba kwa mambo haya.

Kabla ya kununua hata kipande kimoja, laleni chini wote wawili mgonge chesisi. Mama asikie ile sauti kwa masikio yake.

Wekeni daftari moja, mahali panapoonekana, na kila shilingi iandikwe. Kubalianeni kiasi cha mwezi, baada ya karo na chakula, si kabla.

Tengeni saa. Jumamosi asubuhi, kwa mfano. Saa ikifika, spana zioshwe na baba aingie ndani.

Linda watoto. Gari liinuliwe juu ya stendi imara, kamwe mtu asiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Petroli iwe mbali na jiko. Vumbi la breki za zamani lisipulizwe, maana breki nyingi za miaka ile zilikuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lilowesheni kwa maji, mlifute, na kitambaa kitupwe.

Mwisho, kila mmoja awe na haki ya kusema "tusimame". Bibi akisema tusimame, bwana asisikie kwamba amekataliwa yeye. Bwana akisema nimeshindwa, bibi asimsute. Kuacha kazi kwa kukubaliana si aibu kuliko kuimaliza huku nyumba imegawanyika.

Usiku wa leo, watoto wakishalala, ulizaneni maswali mawili. Wewe bwana: ni kitu gani ninachokitengeneza ambacho sijakwambia kwa nini? Wewe bibi: ni lini nilinyamaza ukadhani nimekubali? Msijibu haraka. Kama gari liko uani, nendeni mkaketi humo pamoja, yeye upande wake na wewe upande wako. Waondoeni kuku kwanza.